Mazembe ya wanawake ilibeba kombe. Sasa itacheza na nani?

Tarehe 23 Novemba 2024, ku El Jadida, inchi ya Moroko, ekipe ya wanawake ya TP Mazembe ilipiga AS FAR ya Rabat bao moja kwa sifuri, ikabeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika. AS FAR ilicheza ku inchi yake, mbele ya watu wake, na hiyo kombe iliijua: ilikuwa imekwisha kuibeba mwaka 2022. Mabinti wetu hawakujali. Ilikuwa mara ya kwanza klabu ya wanawake ya Kongo kubeba kombe hiyo. Kochi wao, mama Lamia Boumehdi, Mumoroko, akachaguliwa mwezi uliofuata kuwa kochi bora wa mupira wa wanawake wa mwaka, Afrika nzima.

Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kuko swali moja ambalo halikuulizwa siku zile za kelele, na mimi naliuliza leo kwa sababu linatuhusu sisi watu wa machimbo kupita wengine. Wale mabinti waliporudi Lubumbashi na kombe yao, walirudi kucheza na nani?

Mucheza mupira haishi na kombe. Anaishi na mechi. Angalia mutoto mwanaume wa Katuba, wa Kenya ao wa Kikula kule Likasi: anacheza siku ya posho, anacheza siku ya Mungu, anacheza toka utoto mpaka magoti yanakataa. Kila kartie iko na klabu yake, na kila klabu iko na adui yake. Dada yake anacheza lini? Anacheza tarehe 8 Machi, wakati wakubwa wanahitaji picha. Anacheza wakati bwana fulani anatosha kombe yenye jina lake, miezi mitatu mbele ya uchaguzi. Kisha vareze zinafuliwa, zinarudishwa mu mufuko, zinangojea mwaka kesho.

Utaniambia kuko shampiona ya taifa ya wanawake. Iko, siyo uongo. Kinshasa kuko FCF Amani, kuko Bikira, kuko OCL City. Huku kwetu kuko Mazembe. Lakini inchi yetu ni kubwa na barabara ni haba. Ekipe ya Lubumbashi haiendi Kinshasa na gari, inaenda na ndege. Tiketi za watu ishirini na tano, hoteli, chakula: klabu ndogo ya mabinti italipa hiyo mara ngapi kwa mwaka? Njo maana mara nyingi kazi inafanywa haraka-haraka: ekipe zinakusanywa mu muji moja, zinacheza mechi za kufuatana siku chache, bingwa anapatikana, kila mutu anarudi kwake. Mimi hiyo siite shampiona. Hiyo ni harusi. Unakula vizuri siku moja, kesho yake unarudi ku bukari bila mboga.

Na matokeo tunayaona ku ekipe ya taifa. Mwaka 1998, kule Nijeria, Léopards wanawake walimaliza wa tatu Afrika. 1998! Vita ilikuwa imeanza mwezi wa 8, inchi ilikuwa inapasuka vipande, na wale mabinti walirudi na nafasi ya tatu. Tukaonekana tena 2006, tukaonekana 2012, kisha kimya cha miaka na miaka. Tulirudi ku Kombe la Afrika mwezi wa 7 mwaka 2025, kule Moroko. Senegali ilitupiga 4-0. Moroko 4-2. Zambia 1-0. Ilikuwa haijapita hata miezi nane toka kombe ya Mazembe. Namna gani inchi moja inabeba kombe ya klabu, kisha ekipe yake ya taifa inapoteza mechi zote tatu? Mimi naona jibu haliko mbali. Klabu moja inaweza kujengwa na mutu moja mwenye makuta na nia. Ekipe ya taifa inajengwa na shampiona, na shampiona inajengwa na vilabu vingi vidogo ambavyo hakuna anayevipiga picha.

Hapa sitaki mutu aseme nashambulia Mazembe. Kinyume. Mazembe ilifanya kile wengine walikuwa wanasema hakiwezekani: ililipa wachezaji, iliwapatia kochi wa kweli, tereni nzuri, muganga, ndege, na miaka michache ilitosha. Kama kuko mutu alikuwa anasema mabinti wa Kongo hawajui balo, El Jadida ilimufunga kinywa. Lakini Mazembe ni mulima moja mu bonde. Siku mwenye klabu atachoka, ao atapata matatizo yake, nini kitabaki? Sisi watu wa Katanga tulikwisha kuona muti mukubwa ukianguka. Tulikuwa tunakula chini ya muti moja, masomo yake, hospitali yake, tereni zake. Ulipoanguka, miaka ya 90, hatukujua hata nani atakata majani ya tereni.

Wazee wa kampi wanakumbuka ile maisha. Wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mwanaume wa kazi alikuwa na posho, nyumba, na mupira. Kompani ilipenda mupira. Mutu akicheza balo siku ya Mungu, hakunywa kupita kiasi, na siku ya kwanza aliamkia ku kazi. Vilabu vyetu vikubwa vilizaliwa mu dunia ile: Mazembe ku mikono ya mapadri mwaka 1939, Lupopo ku watu wa njia ya treni. Na wamama? Wamama na mabinti wakubwa walipewa foyer social: kushona, kupika, kupiga pasi, kuogesha mutoto. Sisemi vibaya juu ya sindano. Wakati mishahara ilikufa, nyumba ngapi zilikula kwa sababu mama alikuwa na mashini ya kushona? Lakini ona vile mugawanyo ulifanywa: mwanaume balo, mwanamuke sindano. Kampi ilikufa. Mugawanyo ulibaki, na leo tunauita desturi ya babu zetu. Babu zetu gani? Huo ni utaratibu wa ofisi ya kompani.

Ku karieri tuko na ingine. Wachimbaji wa mikono, wale tunaita creuseurs, wanasemaka mwanamuke akishuka mu shimo madini inakimbia. Basi mwanamuke anabaki juu. Anapondaponda mawe, anachagua, anaosha mu mayi machafu mpaka ngozi inapasuka, na anapata kidogo kupita wote. Madini haikukimbia, ni makuta yake njo ilikimbia. Na mimi kila mara nasikia mutu akisema mupira wa wanawake hauna faida, hauleti watu, nasikia ile wimbo ya shimo. Kwanza unamuzuia kushuka, kisha unamuambia: ona, hauna kitu.

Tuongee basi juu ya faida, kwa sababu wapo ambao hawasikii lugha ingine. Bingwa wa wanawake wa mwaka 2024 alipata dola 600.000 kutoka CAF. Bingwa wa wanaume wa mwaka ule alipata milioni 4. Karibu mara saba. Kutokuwa sawa kuko wazi, na kubaya. Lakini dola 600.000 siyo njugu. Na tazama jirani. Ku Kasumbalesa mutu anavuka mupaka kwa miguu. Shaba yao na yetu ni mushipa moja chini ya udongo. Zambia iko na watu karibu milioni 20, sisi tunakaribia milioni 100 ao tumepita. Mu michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Barbra Banda alipiga bao tatu mu mechi moja, kisha tatu tena mu mechi iliyofuata. 2023 Zambia ilicheza Kombe la Dunia. 2024 Racheal Kundananji alitoka klabu ya Madrid akaenda Bay FC ya Marekani kwa bei ya zaidi ya dola 700.000, na siku ile hakukuwa mwanamuke aliyekuwa amekwisha kuuzwa bei kama hiyo mu historia ya mupira. Hawa ni mabinti wa ng'ambo ya barabara yetu. Hawali chakula tofauti. Wanakula nshima, sisi bukari.

Walifanya nini? Hakuna dawa ya siri. Kule ekipe za wanawake zilipata mwenye kulipa ambaye hachoki: Green Buffaloes iko ya jeshi, ZESCO Ndola Girls iko ya kompani ya umeme. Moroko nayo, inchi ya machimbo kama yetu hata kama wao wanachimba phosphate, ilianza mwaka 2020: shirikisho lao lilitia sahihi mupango wa kufanya divisheni mbili za wanawake kuwa kazi ya mushahara. Divisheni mbili, siyo klabu moja. Miaka miwili mbele walikuwa ku finali ya Afrika, miaka mitatu mbele walitoka mu kundi ku Kombe la Dunia, na 2025 wakacheza finali ya Afrika tena. Hizo finali mbili walipoteza, ya kwanza mbele ya Afrika ya Kusini, ya pili mbele ya Nijeria, lakini nani kati yetu hangetaka kupoteza namna hiyo?

CAF nayo ilijaribu kusukuma. Iliweka mu masharti ya leseni kwamba klabu ya wanaume inayotaka kucheza kombe za Afrika lazima ikuwe na ekipe ya wanawake. Sheria nzuri. Lakini sisi Wakongo tunajua kazi ya karatasi. Ukimuambia mutu alete ekipe ili apate leseni, atakuletea majina ishirini na tano, picha ishirini na tano, na balo mbili. Hiyo ni ekipe ya dosie. Kama hakuna mechi za kucheza mwaka muzima, hakuna anayeweza kuona kama ekipe ni ya nyama ao ya karatasi. Tunarudi palepale: shampiona.

Sasa nafika ku kitu nilitaka kusema toka mwanzo. Tusingojee Kinshasa. FECOFA itafanya shampiona ya taifa vile itaweza, na ni kazi yake. Sisi tuko na kitu ambacho wengine hawana: miji mingi ya kazi ku barabara moja. Hesabu na vidole: Kasumbalesa, Kipushi kando kidogo, Lubumbashi, Likasi, Kambove, Fungurume, Kolwezi. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilomita 300, Likasi iko mu njia. Toka 2015 wametukata provense, Haut-Katanga huku, Lualaba kule, lakini barabara haijui hiyo. Ekipe inatoka asubui na basi, inacheza saa tisa, inarudi usiku, ao inalala kwa ndugu. Ekipe kumi na mbili za mabinti ku barabara hiyo, kila moja inakutana na ingine mara mbili, kwake na ugenini: ni mechi 22 kwa kila ekipe, mechi 132 kwa mwaka. Binti wa miaka kumi na sita anayecheza mechi 22 kwa mwaka, miaka mitatu, siyo tena binti wa kupiga picha tarehe 8 Machi. Ni mucheza mupira.

Makuta itatoka wapi? Itatoka pale inatoka vumbi tunayokula.

Sheria ya madini ya 2018 inasema kila kompani inayochimba itoe angalau 0,3 ku mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na kazi yake. Kando ya hiyo kuko cahier des charges, ile karatasi ambamo kompani inaandika na kutia sahihi kile itafanyia wenyeji: barabara, masomo, santé, mayi. Na kando tena kuko redevance, ushuru wa madini, ambao 15 ku mia yake inapaswa kufika ku komine, ku sekta na ku sheferi mahali madini inatoka, na 25 ku mia ku provense. Makuta ya 0,3 inasimamiwa na shirika ambamo watu wa kompani wanakaa pamoja na watu wa jamii. Maana yake, bandugu, mu ile chumba kuko viti vyetu.

Nifanye hesabu mbele yenu. Kompani ikiuza shaba na kobalti ya dola bilioni moja kwa mwaka, na kuko zinazouza kupita hapo, 0,3 ku mia ni dola milioni tatu. Tuweke dola 1.000 kwa kila mechi ya ligi yetu ya barabara: basi, mafuta, chakula cha ekipe mbili, waamuzi, infirmière, mayi ya kunywa. Ni kipimo changu mimi, kila mutu anaweza kukipunguza ao kukiongeza. Mechi 132 ni dola 132.000. Haifike hata dola tano juu ya kila mia ya zile milioni tatu. Na nimehesabu kompani moja. Ku hiyo barabara ziko ngapi?

Najua jibu la kwanza, nimelisikia mara nyingi, na linatoka kwa watu wazuri: «Tuko na kiu, weye unatuletea balo?» Ni kweli, kuko kartie ambapo mama anabeba mayi ku kichwa kilomita mbili, na mayi yenyewe haiko safi. Mayi kwanza. Hakuna anayebisha. Lakini waulize wale wanaosema hivyo kama walisema hivyo siku kompani ilijenga tereni ya wanaume, siku ililipa vareze za ekipe ya wakubwa, siku ilikodi basi za wapenzi kwenda kutazama mechi. Siku ile kiu ilikuwa wapi? Mimi sikubali kwamba umaskini unakumbukwa tu wakati zamu ya binti imefika.

Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linasemwa ndani ya nyumba. «Bibi anacheza balo, atakuwa mwanaume.» «Kaputula fupi mbele ya watu, bataolewa na nani?» Mwenye kusema hivyo siyo adui wa mutoto wake. Anaogopa. Na mimi nataka kumujibu kwa heshima: uoga wako ni wa haki, lakini umekosa adui. Tereni siyo hatari. Hatari ni njia ya kurudi nyumbani saa moja ya usiku bila gari. Hatari ni kochi anayechagua nani atacheza kwa sababu zingine ambazo siyo muguu. Hatari ni safari ya siku tatu ambamo mutu mukubwa pekee ni mwanaume, na mabinti kumi na nane wanalala mu darasa bila mulango wa kufunga. Hayo njo mambo ya kuuliza, na yana majibu. Ekipe isiyo na mama moja ndani ya basi, mama wa kweli mwenye sauti, isitoke mu muji. Simu ya muzazi iandikwe. Mazoezi yaishe wakati jua lingali juu. Kochi aliyeguswa na jambo chafu aondolewe siku ileile, na asipelekwe kwa siri ku klabu ya kartie ingine, kama vile tunaonaka mu makanisa na mu masomo.

Na kuko mambo madogo ambayo wanaume wa komite hawayafikirie kwa sababu hayawafikii. Vitambaa vya mwezi mu kisanduku cha infirmière, kando ya bandeji. Choo chenye mulango ku tereni. Chumba cha kubadilishia nguo, hata ya mabati. Viatu vya kipimo cha binti, kwa sababu ukimupatia viatu vya kaka yake, namba arobaini na tatu na karatasi ndani, usishangae kama goti linageuka. Nimeona mutoto mwenye kipaji akiacha mupira, si kwa sababu baba alikataa, lakini kwa sababu siku nne kila mwezi hakuwa na namna ya kuja, na hakuna mutu ambaye angeweza kumuambia. Kochi aliandika: haji mazoezi, hana nizamu.

Pale wachezaji watafikia kulipwa, kuko sheria ingine ya kujua. Toka tarehe 1 Januari 2021, FIFA inasema mwanamuke mwenye kontrati akipata mimba ana haki ya angalau majuma 14 ya kupumuzika na kulipwa, na klabu haiwezi kumufukuza kwa sababu hiyo. Vilabu vyetu vingapi vinajua? Waandike mu kontrati, na waandike kontrati yenyewe, kwa sababu kama hakuna karatasi, hakuna haki ya kuomba.

Masomo. Nasikia wazazi wakisema mupira utamuharibu kichwa. Nafikiri inaweza kuwa kinyume, lakini si yenyewe, lazima kuiamuru. Ligi ya barabara iseme wazi: hakuna mechi siku ya masomo, na binti asiyeonyesha buletini yake hachezi. Hapo muzazi anapata fimbo nzuri kupita ya mupera. Na kwa wale ambao masomo yalikwisha kuwaacha, wale wanaoosha mawe ku karieri toka wakiwa wadogo, sitadanganya: balo haitalipa bukari ya nyumba kesho. Mama anayetegemea mikono ya mutoto wake kuosha madini hawezi kumuachilia kwa maneno matamu. Pale komite ya 0,3 inapaswa kufikiri mbali kidogo: makuta ya masomo ya yule mutoto yalipwe pamoja na gari ya mechi. Kama ni kumutosha mu mayi ya karieri mara moja kwa juma tu na kumurudisha siku nne, hatukufanya kitu.

Neno juu ya majengo. Kompani zinapenda majengo, na wakubwa wetu wanapenda zaidi, kwa sababu jengo linakatwa utepe na linawekwa bango. Utaona uwanja mupya wenye viti vya rangi, na ndani majani yanaota. Ligi haina utepe. Ligi ni mafuta ya basi kila juma, ni mwamuzi anayelipwa siku ileile ili asinunuliwe, ni mutu wa kuandika matokeo na kuyatuma. Kama komite itapewa kuchagua kati ya tribune na miaka mitatu ya mafuta, ichague mafuta. Mabinti watacheza ku udongo, vile kaka zao walicheza ku udongo.

Na makochi. Lamia Boumehdi hakuanguka kutoka mbinguni na filimbi mu kinywa. Alicheza, akasoma, akapata leseni zake, ngazi kwa ngazi. Huku kwetu kuko wamama waliocheza, wako ku soko, wako ku ofisi, wako nyumbani, wanajua mupira kupita vijana wengi wenye filimbi. Entente za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinaweza kuwaita kwa mafunzo ya kochi na ya mwamuzi. Hiyo haiombe hata dola nyingi. Inaomba mutu aandike barua.

Kwa ninyi wapenzi wa mupira, wanaume wenzangu, sitaki mengi. Mechi ya wanawake ya kiingilio cha franga kidogo, siku ya Mungu, saa saba, mbele ya mechi yenu ya saa tisa. Fikeni mapema. Mutukane mwamuzi kidogo, vile mumezoea, lakini musitukane mucheza kwa sababu ya mwili wake. Mukae kumi na tano wa kwanza, juma linalofuata mutakuwa hamsini, kwa sababu mupira wa ushindani hauachi mutu katikati. Sitaki muje kwa huruma. Siku Likasi itapiga Kolwezi bao nne, na mutoto wa jirani yenu amepiga mbili, mutakuja wenyewe.

Kwa kompani moja ao ingine, mazungumuzo ya cahier des charges yanafanywa ao yatafanywa upya, na viti vya komite za 0,3 vinajazwa. Mara nyingi vinajazwa na wale waliofika mapema, na wale waliofika mapema ni wazee wa kartie na vijana wa vyama. Wamama wafike mapema. Waketi mbele. Wakati bwana wa kompani atafungua karatasi yake na kusoma masomo, santé, barabara, mayi, wamungojee amalize, kisha mumoja asimame na amuulize ku ukurasa gani iko ligi ya mabinti, na nani atalipa basi ya kwenda Likasi.